Timu Tano, Kanda Moja na Pesa za New York

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama na kina baba, ndugu kutoka Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda mliofika licha ya theluji hii, karibuni sana. Vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Mada ya leo ni yenu kuliko ilivyo yetu. Ninyi ndio mliotuambukiza.

Nimeombwa nizungumzie besiboli kwa sababu ya yale yaliyotokea hapa Toronto mwezi Oktoba 2025. Blue Jays walifika World Series, fainali ya besiboli ya kulipwa Amerika Kaskazini, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Jumuiya yetu, ambayo kwa kawaida hubishana juu ya Arsenal na Simba, ikajikuta inakesha mbele ya mchezo ambao nusu yetu hatukuufahamu. Mechi ya tatu ilikwenda duru 18 badala ya tisa. Kesho yake watu walikwenda kazini wanasinzia, na bosi naye anasinzia. Halafu usiku wa tarehe 1 Novemba tukafungwa mechi ya saba, na watu wazima wakalia kwa ajili ya timu waliyoijua kwa wiki tatu.

Siwalaumu. Ila ninaona tuliingia kwenye msiba bila kuijua familia. Wengi wetu tuliwaona Los Angeles Dodgers tukadhani hao ndio maadui wa Toronto. Dodgers wanatoka upande mwingine wa bara na hukutana na Toronto kwa nadra. Maadui wa Toronto, wale ambao timu hii huamka nao na kulala nao kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, ni wanne: New York Yankees, Boston Red Sox, Baltimore Orioles na Tampa Bay Rays. Hizo tano kwa pamoja ndizo Kanda ya Mashariki ya Ligi ya Marekani, na kwa maoni yangu hakuna kanda ngumu kuizidi hiyo katika mchezo huu.

Sheria sitazifundisha leo. Mtu anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, anakimbia kuzunguka besi tatu hadi arudi nyumbani, na hiyo ni pointi. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, ni homurani, anatembea kwa raha zake. Watatu wakitolewa mnabadilishana. Duru ni tisa, na sare hakuna. Mkilingana mnaendelea hata kama ni alfajiri. Hayo yanatosha.

Kinachohitaji maelezo ni hesabu. Ligi kuu ina timu 30, zimegawanywa katika ligi mbili (mojawapo ndiyo hiyo ya Marekani, na mabingwa wa ligi hizo mbili ndio hukutana World Series), na kila ligi ina kanda tatu za timu tano tano. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Mshindi wa kanda anaingia hatua ya mtoano moja kwa moja. Tangu 2022 kila ligi inatoa pia nafasi tatu za nyongeza kwa wale wenye rekodi nzuri miongoni mwa waliobaki. Mpaka mwaka huo timu za kanda moja zilikuwa zinakutana mara 19 kwa msimu. Sasa ni mara 13. Maana yake, hatima yako inaamuliwa sana na majirani uliopangiwa.

Chukueni mwaka 2021. Toronto walishinda mechi 91 wakamaliza nafasi ya nne katika kanda, nje ya mtoano, kwa sababu Tampa Bay walishinda 100, na Boston na New York wakashinda 92 kila mmoja. Mwaka huohuo, Atlanta Braves waliongoza kanda yao katika ile ligi nyingine kwa ushindi 88, wakapita, wakaenda wakabeba ubingwa wa World Series. Ushindi 91 ukabaki nyumbani, ushindi 88 ukavaa taji. Mtu akikuambia kwamba msimamo wa ligi hausemi uongo, mpe mfano huo.

Sasa niseme nilichokuja kusema. Besiboli haina ukomo wa mishahara kama walio nao wenzao wa mpira wa kikapu au wa hoki ya barafu. Ina kodi tu inayomwangukia anayezidisha matumizi. Kwa hiyo kanda hii imekuwa mahali pazuri pa kutazama pesa inafanya nini na inashindwa nini, maana ndani yake yumo tajiri wa kihistoria, wamo matajiri wengine wawili, na wamo wawili wanaohesabu kila shilingi. Mimi nimefikia hapa: pesa inakukinga na aibu. Kombe ni habari nyingine.

Waangalieni Yankees. Wana mataji 27 ya World Series, na hakuna anayewakaribia. Mara ya mwisho kumaliza msimu wakiwa na vipigo vingi kuliko ushindi ilikuwa 1992. Fikirieni hilo. Kijana aliyezaliwa New York mwaka 1993 ana zaidi ya miaka 30, pengine ana watoto, na hajawahi kuona Yankees wabovu. Mwaka wanaoulalamikia sana, 2023, walishinda mechi 82 na kufungwa 80. Hiyo ndiyo pesa: mchezaji akiumia unanunua mwingine, akizeeka unamvumilia. Aaron Judge alipopiga homurani 62 mwaka 2022, rekodi ya Ligi ya Marekani, walimpa mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 360 ili asiondoke. Lakini taji lao la mwisho ni la 2009. Tangu hapo wametumia pesa za kujenga mji na hawajabeba kombe.

Na mwaka 2024 walikaribia, wakafika World Series dhidi ya Dodgers. Mechi ya tano, nyumbani kwao, wanaongoza 5-0. Duru ya tano ikaja. Judge mwenyewe, nahodha, akauangusha mpira mwepesi ambao mtoto wa shule angeudaka. Anthony Volpe akarusha vibaya. Kisha mpira dhaifu ukabingirika kuelekea besi ya kwanza na mrushaji Gerrit Cole, mmoja wa wanaolipwa zaidi katika mchezo, hakukimbia kwenda kuifunika besi. Zikaingia tano. Mwisho wa usiku ilikuwa 7-6 na Dodgers wanacheza dansi kwenye uwanja wa Yankees. Mkataba wa mamilioni hauwezi kukimbia badala ya mwenye mkataba.

Huwezi kuwataja Yankees bila Boston. Kwa wenzangu wa Dar es Salaam nikisema watani wa jadi mnaelewa upesi: ni Simba na Yanga, isipokuwa hawa wanachezeana kila mwezi, na katikati kuna barabara ya saa nne tu ambayo mashabiki huipita na matusi yao madirishani. Kisa cha utani kilianza na biashara. Mpaka mwaka 1918 Boston walikuwa na mataji matano na Yankees hawana hata moja. Mwishoni mwa 1919 mwenye timu ya Boston akamuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000. Yankees wakachukua taji lao la kwanza 1923 na hawakusimama. Boston hawakupata lingine kwa miaka 86. Watu wa huko, Wakristo safi wa kwenda kanisani, walikuwa wanaongea juu ya laana kama sisi tunavyoongea juu ya kamati ya ufundi.

Miaka 86 ina mengi, sitayapitia yote, wali utapoa. Nitaje 1978. Mwezi Julai Boston waliwaacha Yankees kwa mechi 14. Msimu ukaisha wamelingana, ikabidi wacheze mechi moja ya kuamua, tarehe 2 Oktoba, kwenye uwanja wa Fenway ule wenye ukuta wa kijani wa karibu mita 11 upande wa kushoto. Boston wanaongoza 2-0. Anakuja Bucky Dent, mpigaji wa tisa, wa mwisho kwenye orodha, mtu ambaye homurani kwake ni habari ya nadra. Akauinua mpira ukavuka ule ukuta, wenzake wawili wakiwa kwenye besi. Yankees wakashinda 5-4. Jina la huyo bwana mpaka leo halitajwi Boston bila neno la katikati ambalo siwezi kulisema mbele ya watoto.

Halafu 2003, mechi ya saba ya fainali ya Ligi ya Marekani, duru ya 11, Aaron Boone anapiga homurani, Boston wanakwenda nyumbani tena. Huyo Boone ndiye kocha wa Yankees tangu msimu wa 2018.

Mwaka uliofuata ndio uliogeuza kila kitu. Fainali ileile, timu zilezile. Yankees wanaongoza mechi 3-0, na ya tatu walishinda 19-8 ugenini Fenway. Mpaka hapo, katika historia yote ya besiboli, hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma 3-0 katika mfululizo wa mechi saba. Mechi ya nne, duru ya tisa, Yankees mbele kwa pointi moja, na anayerusha ni Mariano Rivera, mrushaji bora wa kufunga mechi, yaani wa kuingia mwishoni kulinda uongozi, kuliko wote waliowahi kuishi. Akampa mpigaji mmoja besi ya bure. Boston wakamwingiza mkimbiaji, Dave Roberts. Uwanja mzima unajua ameingizwa kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia wakati mrushaji anarusha. Rivera anajua, mdakaji anajua, muuza soseji anajua. Akaiba. Alifika kwa tofauti ya kidole. Muda mfupi baadaye mpira ukapigwa katikati, Roberts akaingia nyumbani, wakalingana, na duru ya 12 David Ortiz akamaliza kazi kwa homurani. Ortiz huyo aliachwa na Minnesota Twins mwishoni mwa 2002 kama mzigo. Boston wakashinda nne mfululizo, wakaenda World Series, wakabeba. Lishikeni jina la Dave Roberts, nitalirudia.

Boston wamebeba tena 2007, 2013 na 2018. Kwa hiyo tangu mwaka 2000 wana mataji manne, na Yankees wana mawili. Lakini tazameni mapigo ya moyo wao, maana hapa ndipo mtu wa hesabu anapochanganyikiwa. Mwaka 2012 walishika mkia wa kanda, ushindi 69. Mwaka 2013 mabingwa wa World Series. Mwaka 2014 mkia. Mwaka 2015 mkia. Mwaka 2016 wanaongoza kanda. Hiyo siyo bahati tupu. Agosti 2012 walipeleka Los Angeles wachezaji wao wa gharama kubwa, Adrián González, Carl Crawford na Josh Beckett, pamoja na mikataba yenye zaidi ya dola milioni 250, kisha wakajaza nafasi kwa watu wa bei ya kati wenye umri na akili: Mike Napoli, Shane Victorino, mrushaji Mjapani Koji Uehara. Kocha wakamtoa hapahapa Toronto, John Farrell, aliyeona Boston ni pazuri zaidi. Wenyeji wa hapa hawakumsamehe. Nilipofika mji huu nilidhani Farrell ni jina la mwizi fulani wa benki.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye usiku mmoja, tarehe 28 Septemba 2011, kwa sababu usiku huo kanda nzima ilionekana kwa mara moja. Mwanzoni mwa mwezi Boston walikuwa mbele ya Tampa Bay kwa mechi tisa katika kugombea nafasi ya nyongeza. Mwezi mzima wakashinda mechi saba tu. Siku ya mwisho wamelingana. Boston wako Baltimore, kwa Orioles walioshika mkia. Tampa Bay wanacheza nyumbani na Yankees, ambao wameshajihakikishia uongozi wa kanda na hawana cha kupoteza.

Tampa Bay wakawa nyuma 7-0. Watu wakaanza kuondoka. Duru ya nane wakapata sita. Duru ya tisa, wamebakiwa na mtu mmoja wa mwisho, akaingizwa Dan Johnson ambaye msimu mzima alikuwa hapigi kitu, naye akabakiwa na mpira mmoja wa mwisho. Akapiga homurani, 7-7. Kule Baltimore mvua imesimamisha mechi na kuirudisha, Boston wanaongoza 3-2, duru ya tisa, Orioles wawili wameshatoka na hakuna aliye kwenye besi. Wa tatu akapiga mbali. Wa nne akapiga mbali, wakalingana. Wa tano, Robert Andino, akaupiga mpira mdogo wa kushoto ukamponyoka mdakaji, na Boston wakafa 4-3. Dakika chache baadaye, Florida, duru ya 12, Evan Longoria akaupiga mpira chini chini ukapita pale ukuta ulipo mfupi kuliko kwingine. Tampa Bay 8, Yankees 7. Ndani ya dakika zile chache timu ya mkia ilimzika tajiri mmoja, maskini akapanda juu ya mgongo wa tajiri mwingine, na kocha wa Boston aliyeleta mataji mawili akaondoka siku mbili baadaye.

Hao Tampa Bay ni watu wa kuwatazama kwa heshima. Walianza 1998, na kwa miaka kumi walikuwa kibonde wa kanda. Mwaka 2007 walishinda 66 tu. Mwaka 2008 wakashinda 97, wakaongoza kanda, wakafika World Series, wakati mishahara ya Yankees ilikuwa zaidi ya mara nne ya mishahara yao na Yankees wakakosa mtoano kabisa. Wanafanyaje? Kushika mkia kuna faida moja katika besiboli: unachagua mapema vijana wapya kila mwaka. Longoria walimpata hivyo, na mrushaji David Price pia. Ila kinachowabeba zaidi ni kuuza mapema. Mchezaji akikaribia bei kubwa wanampeleka kwingine na kuchukua vijana watatu ambao hakuna anayewajua. Ndio walioleta mwaka 2018 mtindo wa kumwanzisha mrushaji wa kufunga mechi kwa duru moja, kisha ndipo aingie yule wa kukaa muda mrefu. Wenye mchezo walicheka. Baadaye karibu wote wakaiga.

Bei ya ujanja huo ni kwamba shabiki hana wa kumpenda. Ukinunua jezi ya mchezaji wa Tampa Bay, nunua ya mkopo. Mwaka 2023 walianza kwa kushinda 13 mfululizo, wakamaliza na ushindi 99, na bado wakawa wa pili. Oktoba 2024 kimbunga Milton kikalichana paa la uwanja wao wa Tropicana kama karatasi, na msimu wote wa 2025 wakacheza kwenye uwanja mdogo wa mazoezi mjini Tampa wenye nafasi ya watu kama 11,000. Na uwanja huo hutumiwa na nani kwa mazoezi? Yankees. Umeandikwa jina la marehemu George Steinbrenner, mmiliki wao. Maskini amehamia kwenye banda la tajiri, na kodi analipa.

Baltimore nitawapitia haraka, wasikasirike. Walikuwa wakubwa: mataji 1966, 1970, 1983, na Cal Ripken aliyecheza mechi 2,632 bila kukosa hata moja. Kisha misimu 14 mfululizo ya hasara, 1998 hadi 2011. Mwaka 2018 walipoteza mechi 115, 2021 wakapoteza 110, na safari hii walifanya kwa makusudi: walibomoa nyumba ili wachague vijana wa kwanza. Wakampata Adley Rutschman, wakampata Gunnar Henderson, wakampata Jackson Holliday. Mwaka 2023 wakashinda 101. Kisha wakatolewa mtoano bila kushinda hata mechi moja, mwaka uliofuata vilevile, na mwaka 2025 wakamfukuza kocha mwezi Mei na kushika mkia. Mtu anayewauzia maskini falsafa ya uvumilivu aanze kwa kueleza Baltimore.

Na sisi? Toronto ilianza 1977, na tangu Montreal Expos wahamishwe kwenda Washington baada ya msimu wa 2004, ndiyo timu pekee ya Kanada. Mataji mawili, 1992 na 1993, lile la pili kwa homurani ya Joe Carter. Msisahau kwamba Toronto si maskini. Nyuma yake iko kampuni kubwa ya simu na televisheni, na Aprili 2025 ilimpa Vladimir Guerrero Jr. mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 500. Kijana huyo alizaliwa Montreal, baba yake akichezea Expos. Wakati mkataba unasainiwa, watu wengi mjini walinung'unika. Timu ilikuwa imetoka kushika mkia, ushindi 74 kwa msimu wa 2024. Redioni kila siku ni vilio.

Kilichobadilika 2025 ni kitu ambacho pesa haiandiki kwenye mkataba: walianza kuugusa mpira. Besiboli ya siku hizi kila mmoja anataka homurani, na asipoipata anarudi benchi bila kugusa kitu. Blue Jays wakawa timu iliyo ngumu kuliko zote kuitoa hivyo. Wanapiga kidogo, wanakimbia, wanamchosha mrushaji. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 3, ikiwemo siku ya Kanada yenyewe, waliwafunga Yankees mechi nne mfululizo hapa mjini. George Springer peke yake aliingiza pointi saba siku ya sikukuu. Msimu ukaisha timu hizo mbili zina ushindi 94 na vipigo 68 kila moja. Walichokuwa nacho Toronto ni rekodi ya kukutana wao kwa wao, 8-5. Kwa hiyo zile nne ndizo zilizoamua kanda.

Yankees wakashuka kwenye nafasi ya nyongeza, wakawakuta nani? Boston, bila shaka. Wakawatoa mechi 2-1, na aliyewamaliza ni Cam Schlittler, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekulia pembezoni mwa Boston. Halafu wakaja Toronto wakafungwa 10-1 na 13-7, na siku chache baadaye wakatolewa kwao, 5-2. Mambo ya fainali mliyaona wenyewe. Homurani ya Springer dhidi ya Seattle, mechi ya saba ya fainali ya Ligi ya Marekani. Trey Yesavage, aliyeanza mwaka katika ligi za chini, akiwatoa wapigaji 12 wa Dodgers. Na mechi ya saba ya World Series, Toronto wanaongoza 4-3 duru ya tisa, wamebakiza kuwatoa wawili, Miguel Rojas akapiga homurani. Duru ya 11 Will Smith akapiga nyingine. 5-4.

Sasa lile jina. Kocha wa Dodgers anaitwa Dave Roberts, yule aliyeiba besi ya pili usiku ule wa Boston. Akiwa kocha wa Dodgers ameifunga Tampa Bay katika World Series ya 2020, Yankees 2024 na Toronto 2025. Katika kanda hii, Boston peke yao ndio waliomfunga yeye huko World Series, 2018. Na mpira wa mwisho wa msimu wetu, Alejandro Kirk alipopiga gongo likavunjika, uliokotwa na Mookie Betts, akakanyaga besi ya pili, akarusha ya kwanza, wawili nje, kwisha. Betts alikuwa wa Boston. Walimlea wenyewe, akawapa taji la 2018, na Februari 2020 wakampeleka Los Angeles kwa sababu hawakutaka kulipa alichostahili. Tajiri amekataa kulipa, na Betts amekwenda kufungua duka la makombe kwingine: matatu mpaka sasa, kila moja dhidi ya timu ya kanda hii.

Ndugu zetu wa Uganda wanaguna, najua kwa nini. Ni haohao Dodgers waliosaini vijana wawili wa Uganda mwaka 2022, miaka kumi baada ya watoto wa Lugazi kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Basi wao wana ruhusa ya kuwapenda Dodgers. Wengine hapana.

Mnaniuliza 2026 itakuwaje. Yankees watashinda zaidi ya 85, hilo naweza kuliwekea dau la mbuzi. Baltimore hawatashika mkia tena, vijana wale ni wazuri mno. Boston nawaogopa kuliko wengi wenu mnavyowaogopa, kwa sababu walishinda 89 mwaka ambao katikati yake walimuuza mpigaji wao mkuu, Rafael Devers. Toronto wataingia mtoano, lakini sioni wakiongoza kanda mara mbili mfululizo. Tampa Bay wasipokuwa waangalifu watakuwa wa tano, na nikisema hivyo kila mwaka wananiumbua. Karibuni maswali, tuanze na mzee pale mwenye kofia ya Yankees, ambaye nimemwona akitikisa kichwa tangu nilipotaja mwaka 2004.